Chupa Mbili za Marehemu Mama

Valea Mierlei, Jumapili, 19 Oktoba 2003

Sabin yu mzima! Hata mkwaruzo hana, mdogo wangu, ila kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto ndicho kimevimba, nacho nimekifunga jani la kabichi kimeanza kunywea. Daktari mwenyewe aliniambia, "Mama, umezaa chuma." Nikamwambia hilo mimi nalijua mwaka wa ishirini na sita huu.

Haya, sasa nikusalimu. Floarea mdogo wangu mpenzi, natumaini barua hii itakukuta na afya njema huko Padova, na yule bibi unayemlea anakula na hakuamshi ovyo. Sisi huku hatujambo. Kahawa na sabuni za unga ulizompa Pompiliu wa basi la Italia zimefika, nimezipanga kwenye kabati la sebuleni ili mgeni akiingia azione. Plamu zimezaa mpaka matawi yanavunjika, na gongo la mwaka huu limetoka safi, ukilimwaga kwenye kijiko na kuwasha kiberiti linawaka buluu.

Jumanne ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Parascheva, na wewe unajua kijiji chetu siku ya mtakatifu wake. Kwangu walikula watu arobaini na mmoja, nilihesabu vijiko. Nilifunga kabichi za nyama mia tatu kwa mikono hii miwili. Alikuja mwalimu mkuu na mkewe na binti yao Mirabela, yule anayetakiwa na Sabin, na mwalimu mkuu akasema mbele ya watu wote kwamba tangu Sabin ashike basi la watoto wa shule hakuna mtoto aliyechelewa hata siku moja. Nililia. Mirabela alikuwa amevaa gauni la rangi ya krimu, akakaa karibu na Sabin, na kila mtu akaona.

Basi magharibi ilipoingia mpiga kodiani hajafika, Sabin akasema, "Mama, namfuata mimi." Akatoka na gari. Pale kwenye kona ya kisima, mbele ya lango langu hasa, akakutana na mkokoteni. Ndiyo, ule wenu. Mumeo Toader alikuwa anatoka shambani na mahindi, siku ya sikukuu, Floarea, siku ambayo hakuna Mkristo anayegusa jembe. Nimemwambia Padri, naye kasikitika sana. Toader ameumia mguu kidogo. Yuko hospitali mjini, wanamtunza, kitanda chake kiko dirishani. Farasi ilibidi wammalize. Taa ya mkokoteni niliiokota mwenyewe mtaroni, ilikuwa bado inawaka, nikaona watu wasije wakaiiba, nimeitundika barazani kwangu. Inatoa mwanga mzuri sana.

Sasa ndiyo polisi wamemnyang'anya Sabin leseni, wakamtoa damu kama jambazi. Eti alikuwa amelewa! Wanataka kumpeleka mahakamani. Niombee, mdogo wangu, kwa sababu bila leseni hakuna basi, na bila basi mwalimu mkuu hatatoa binti.

Usipige simu. Laini yangu tangu juzi inakoroma, na yule wa posta husikiliza. Andika tu, Pompiliu yuko njiani kila wiki.

Dada yako akupendaye,
Lucreția


Padova, 29 Oktoba 2003

Dada Lucreția, shikamoo.

Barua yako imefika Jumatano. Namshukuru Mungu kwa afya yenu. Mimi sijambo, mgongo tu. Bi Ornella hawezi tena kugeuka peke yake, namgeuza mimi kila saa mbili.

Nafurahi Sabin ni mzima. Dada, mguu kidogo ni mguu upi, na kidogo ni kiasi gani? Toader hajaniandikia, na si kawaida yake. Karatasi zangu za ukaazi ziko ofisini, nikivuka mpaka sasa sirudi tena, kwa hiyo wewe ndiye macho yangu. Namtumia Toader soksi za sufu, nene, anaona baridi upesi. Tafadhali umpelekee mkononi mwake.

Farasi alikuwa amebeba mimba. Hilo ulilijua?

Mdogo wako,
Floarea


Valea Mierlei, 23 Novemba 2003

Floarea mdogo wangu wa dhahabu,

Salamu kutoka kwetu sote, yaani kutoka kwa Sabin, kwa Mirabela ambaye sasa ananiita mama bila kuambiwa, na kwa jirani Aglaia anayeuliza kama huko Italia kweli watu wanakula konokono. Theluji imeanguka mara moja ikayeyuka. Nimechinja nguruwe mmoja, wa pili namwacha kwa Krismasi. Pole kwa mgongo, upake mafuta ya taa, usiwasikilize madaktari.

Nimechelewa kujibu, si kwa ubaya. Nilikuwa nakwenda mjini kwa wakili. Nimempata Wakili Hațegan, mtu wa maana, ana jozi mbili za viatu vya ngozi, ya ofisini na ya njiani. Alimwangalia Sabin akasema, "Huyu uso wake peke yake ni utetezi." Anasema tutashinda! Na unajua tutashinda kwa nini? Kwa sababu ya dada yako. Wanasema damu ya Sabin ilikuwa na pombe. Sawa, ilikuwa nayo, lakini aliinywa lini? Hilo ndilo swali. Baada ya ajali kijana ametetemeka, mama yake kamletea gongo limtoe mshtuko, kama tunavyofanya hapa tangu zamani za mababu, na sajini wa polisi kasimama pale akaona kwa macho yake. Damu wameitoa baadaye. Sasa nani atasema pombe ile ni ya mezani au ya barabarani? Wakili alinibusu mkono.

Mguu wa Toader waliutoa. Ni chini ya goti, kwa hiyo goti lenyewe analo, wapo wasiokuwa hata nalo. Ni wa kulia. Sikutaka kukuandikia mapema ukapoteza usingizi bure. Soksi ni nzuri sana, nimempelekea moja. Ile nyingine analalia paka.

Kuna jambo moja dogo la kifamilia. Wakili ameandika karatasi ambayo Toader anatakiwa atie sahihi, kwamba mkokoteni haukuwa na taa na kwamba yeye hana kinyongo na Sabin. Nilimpelekea na supu ya kuku. Supu alikunywa. Karatasi akaiacha juu ya shuka, akageuza uso ukutani.

Nikamwambia, "Shemeji, mguu hauwezi kurudi, lakini leseni inaweza."

Wewe unajua alivyo, mkaidi kama ukoo wao wote. Mwandikie wewe mkewe. Sabin ndiye aliyebeba jeneza la mama bega la mbele, usisahau. Mume ni mtu wa kuja, damu ni damu.

Farasi sikujua.

Dada yako,
Lucreția


Padova, 3 Desemba 2003

Dada Lucreția, shikamoo.

Natumaini hamjambo nyote. Hapa kuna ukungu wiki nzima. Bi Ornella ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa, nami naitika.

Barua yako nimeisoma.

Nitamwandikia Toader, lakini nitamwambia nini wakati sijui ilivyokuwa? Wewe siku zote ulikuwa na akili kuliko mimi, mama alikuwa anasema hivyo hata mbele yangu, na najua siku ile kila kitu kilikuwa mikononi mwako. Niandikie kwa mpangilio. Uliposikia kishindo ulifanya nini, ulimpigia nani simu kwanza, gari la wagonjwa lilifika baada ya muda gani, Toader alikuwa wapi na alisema nini. Nikijua yote nitajua pa kumshikia.

Floarea


Valea Mierlei, Jumapili, 21 Desemba 2003

Mdogo wangu,

Krismasi njema kabla haijafika! Natuma soseji, jibini la kondoo, na chupa ya plastiki yenye kile kitu, nimemwambia Pompiliu aifiche chini ya kiti. Kodiani tunayo mwaka huu, watoto wamekuja kuimba mlangoni wakiwa na nyota ya karatasi, wa kwanza wote walikuja kwangu.

Tulikuwa mahakamani Jumatatu! Nilivaa koti la manyoya. Hakimu ni mwanamke mwembamba, mkavu. Sajini akasema kweli yake, kwamba alimwona Sabin anakunywa chupa nzima ya nusu lita pale barabarani. Kisha wakaniita mimi. Nikaweka mkono juu ya msalaba.

"Kwenye chupa kulikuwa na nini?" wakili akaniuliza.

"Gongo langu la plamu," nikasema, "limekaa miaka saba, na kama mheshimiwa hakimu anapenda..."

"Mama," hakimu akasema, "jibu unaloulizwa tu."

Watu walicheka, lakini kwa heshima. Bado kesi haijakwisha, wamepeleka hesabu ya damu kwa mtaalamu, aangalie kama nusu lita ya gongo baada ya ajali inatosha kufikisha kile kiwango. Wakili anasema inatosha na kubaki.

Umeuliza kwa mpangilio kama karani, haya, nakujibu kwa mpangilio, na nakujibu wewe tu, barua ukishasoma uichome.

Niliposikia kishindo nilikuwa nakata keki. Nikatoka, Sabin kashika usukani anacheka peke yake. Toader alikuwa mtaroni, mkokoteni umemlalia. Wengine wote wakapiga kelele, mimi peke yangu nikatumia kichwa. Nikarudi ndani, maana simu uchochoroni kwetu ni yangu tu, nikampigia Wakili Hațegan, Aglaia alikuwa ameshanipa namba yake zamani kwa ile kesi ya uzio. Akaniambia, "Bibi, mpe kijana kinywaji mbele ya polisi. Mbele ya polisi, umenielewa?" Nikaelewa mara moja. Nikatuma mtu amwite sajini, na ilibidi kungoja, kwa sababu kumpa bila shahidi ni kazi bure. Ilikuwa kama dakika arobaini. Wanaume waliinua mkokoteni, wakamfunga Toader mguu kwa mkanda, wakawa wananiuliza, "Lucreția, simu umepiga?" Nikawajibu, "Nimepiga, nimepiga!" Na si uongo, nilikuwa nimepiga. Gari la wagonjwa nililiita sajini alipofika, kwa sababu wangefika mapema wangemchukua na Sabin kabla hajanywa. Unaona? Hata Wakili anasema hajawahi kupata mteja kama mimi.

Chupa niliichukua kabatini, ile ya kijani, moja ya zile mbili za marehemu mama. Toader aliponiona nakuja nayo akanyoosha mkono. Nikamwambia, "Subiri, Toader, hii si yako." Nikamruka nikaenda kwa Sabin. Alikuwa anaita jina lako, kwa sauti ya chini tu, hakusumbua mtu.

Sasa mwandikie atie sahihi.

Dada yako mwenye fahari nawe,
Lucreția


Valea Mierlei, Jumapili, 11 Januari 2004

Floarea!

Umetuma keki ya Krismasi bila barua. Nilitikisa boksi, nikafungua hadi karatasi ya chini. Utakuwa umechoka. Keki ilikuwa nzuri, kavu kidogo. Sabin alikula nusu. Heri ya mwaka mpya, na afya, na yule bibi aendelee kuishi ili uendelee kuwa na kazi.

Sasa kaa chini. Nina jambo ambalo siwezi kulimeza peke yangu, litanipasua kifua, na hapa kijijini sina wa kumwambia. Ni muujiza, Floarea. Mungu anampenda Sabin kuliko hata ninavyompenda mimi.

Unakumbuka zile chupa mbili za mama, za kijani, pacha. Moja nilikuwa naiweka kabatini na gongo la wageni, nyingine sebuleni nyuma ya picha ya Bikira, na maji ya baraka ya mwaka. Basi kabla ya sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, Padri kaja na mrihani wake kunyunyizia nyumba, akaniambia, "Lete chupa yako nikuwekee maji mapya." Mimi nikaishusha ile ya nyuma ya picha, nikaenda kumwaga ya zamani kwenye shina la mtofaa kama inavyotakiwa. Nafungua kizibo, gongo! La miaka saba! Nikasimama kwenye theluji na chupa mkononi.

Ndipo nikakumbuka. Nilipopaka chokaa sebuleni kabla ya sikukuu ya Oktoba nilizishusha zote mbili mezani. Nilipozirudisha nilizibadilisha. Kwa hiyo kile alichokunywa Sabin barabarani, mbele ya sajini, chupa nzima, kilikuwa maji ya baraka!

Nimecheka mpaka nikashika ukuta. Na yeye alikunywa akakunja uso, akasema, "Mama, hili kali." Maji, Floarea! Alikuwa ameshakunywa vizuri mezani, glasi tisa au kumi, na divai ya mwalimu mkuu, asingejua tofauti hata ungempa siki. Lakini alivyoendesha! Ni ile kona tu. Mtu mwingine na kiasi kile asingeona hata lango.

Basi ona hesabu ya Mungu. Mimi nimeapa kwa moyo safi kwamba ni gongo, maana wakati ule nilijua ni gongo. Dhambi sina. Sajini kaona chupa, hakuona ndani. Mtaalamu anahesabu gongo. Na mwanangu katikati ya yote hayo ana maji ya baraka tumboni yanamlinda. Padri nilimwambia ya zamani nimemwaga, nikampa jagi ajaze.

Jana nikawa nawaza, Toader alipoomba ile chupa, kumbe aliomba maji ya baraka bila kujua. Labda mguu ungepona, nani ajuaye. Haya mambo yamepangwa juu.

Bado hajatia sahihi. Wewe umemwandikia?

Lucreția


Padova, 25 Januari 2004

Dada Lucreția, shikamoo.

Heri ya mwaka mpya nyumbani kwako. Bi Ornella hali vizuri tena, namlisha kwa kijiko cha mtoto. Nilipata baridi, ndiyo maana keki ilikuja bila barua.

Barua yako ya muujiza imenifikia imelowa, Pompiliu aliiweka karibu na dirisha. Mwanzo na mwisho vinasomeka, lakini pale katikati, pa zile chupa, wino umetapakaa wote. Nimeona neno maji na neno gongo na neno Padri, basi. Nataka kucheka na mimi, dada, ni muda mrefu sijacheka. Niandikie tena sehemu hiyo polepole, chupa ipi ilikuwa wapi, Sabin alikunywa ipi, na ulijua siku gani. Tumia kalamu ya risasi, hiyo hailowi.

Toader nimemwandikia. Amenijibu safari hii, Pompiliu alimpelekea karatasi hospitali. Usihangaike tena kumpelekea ya kwako.

Floarea


Valea Mierlei, Jumapili, 29 Februari 2004

Mdogo wangu mpenzi, asali yangu,

Salamu nyingi na busu kwa bibi yako. Kwaresima imeanza, tunakula maharage, na Sabin analalamika kama mtoto. Nje kuna matope mpaka magoti. Kidole chake kimepona kabisa, amemwandikia Mirabela jina lake kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa banda la gari. Mwandiko wake kama wa mchapaji.

Nimefurahi Toader kalainika. Nilijua, wewe ukitaka unaweza. Alitolewa hospitali wiki ya juzi, nikamtuma Sabin na baiskeli akamwone kama amefika nyumbani, akakuta mlango umefungwa na bomba la moshi baridi. Yuko kwa nani? Kama yuko kwa wale binamu zake, mwambie wasimtie maneno.

Haya, cheka sasa. Nakuandikia kwa kalamu ya risasi kama ulivyoagiza, na kwa herufi kubwa, maana nakujua macho yako. Chupa ya kijani iliyokuwa kabatini tarehe 14 Oktoba, niliyompa Sabin, ilikuwa na MAJI YA BARAKA. Chupa ya kijani iliyokuwa nyuma ya Bikira ilikuwa na GONGO. Mimi Lucreția nilizibadilisha wakati wa kupaka chokaa, nikajua tarehe 5 Januari mbele ya mtofaa. Pombe yote ya Sabin aliinywa mezani kwangu kabla hajashika gari, na bado alisimama wima kama askari. Nimetia sahihi hapa kama kwenye hati ya nyumba, ucheke vizuri: Lucreția Munteanu. Gongo lile bado liko chupani, nimelirudisha pale pale kwa Bikira, si la kunywewa ovyo lile.

Mtaalamu ameandika! Anasema nusu lita ya gongo baada ya ajali inaweza kabisa kueleza kile kipimo. Wakili alinisomea kwenye simu mara mbili. Hakimu anatoa hukumu mwezi ujao, na baada ya hapo Sabin anarudi kwenye basi lake, mwalimu mkuu ameshasema atamngoja.

Kwa hiyo harusi tumepanga baada ya Pasaka, Jumapili tarehe 25 Aprili. Utakuja! Karatasi zitakuwa zimetoka, bibi watamtafutia mwingine. Nimekuwekea kiti karibu na mimi, juu, wanakokaa wakubwa. Toader naye aje, sina moyo mbaya, nitamweka karibu na mlango ili asisumbuke kupita katikati ya wanaocheza. Na ile taa yake nimefikiri niwape maharusi, iwake mbele yao wakitoka kanisani. Atafurahi.

Dada yako,
Lucreția


Mjini, Jumapili, 14 Machi 2004

Dada Lucreția, shikamoo.

Natumaini u mzima, na Sabin mzima, na kidole chake kizima.

Barua hii haikupanda basi la Pompiliu. Ukiangalia stempu utaona ni ya hapa mjini. Bi Ornella alifariki tarehe 18 Februari. Karatasi zangu zilitoka siku mbili baadaye. Alikufa kwa amani, nilimshika mkono. Dakika ya mwisho aliomba maji nikampa.

Barua yako ya Februari Pompiliu amenipa hapa hapa, kituoni, kabla hajavuka nayo mpaka. Toader yuko na mimi, tumepanga chumba nyuma ya soko. Anajifunza magongo ya kutembelea. Asubuhi anayashika vizuri, jioni mikono inamchoka. Nilimwuliza kama kweli alinyoosha mkono uliposhuka na chupa. Akasema ndiyo. Alidhani umemletea yeye.

Barua zako hakuna niliyoichoma na hakuna iliyolowa. Ninazo zote, kuanzia ile ya kwanza, ulipoandika kwamba taa ilikuwa bado inawaka. Nilitaka ile ya chupa uiandike mara ya pili, vizuri, na uliiandika vizuri. Mama alisema kweli, una mwandiko mzuri na akili nyingi. Niliyekuwa sina akili ni mimi, niliyekuachia mume wangu, farasi wangu, na simu.

Nilizifunga pamoja kwa utepe wa boksi la keki nikampelekea mwendesha mashtaka. Alianza kusoma amesimama. Alipofika kwenye dakika arobaini akakaa.

Akaniuliza, "Huyu ni dada yako wa tumbo moja?"

Nikamwambia ndiyo, na mimi ndiye mdogo.

Kuhusu harusi sina la kusema, hilo mtaamua ninyi na mwalimu mkuu, naye ameitwa, amesomewa ile sehemu ya glasi tisa au kumi na divai yake. Aliomba tu orodha ya watoto wanaopanda lile basi. Ameitwa Padri. Ameitwa Wakili Hațegan, lakini safari hii hatakaa upande wa mawakili. Ameitwa sajini, na ndiye atakayekuletea wito wako kesho asubuhi, ufungue mlango, ni mtu mwema, hakujua alikuwa anangojewa. Sabin atakuja na nguo za kubadilisha.

Wewe uje na chupa zote mbili za mama, ya kabatini na ya nyuma ya Bikira, usizioshe. Moja ni yangu. Na taa ya Toader uishushe barazani uje nayo.

Chumba cha mahakama ni kile kile cha ghorofani, ulichoapia. Sote tunatarajiwa, Alhamisi, tarehe 25 Machi, saa tatu asubuhi.

Floarea